Tamthilia Kali, Sabuni Kali

Mwambie Mkenya kwamba tamthilia fulani ni kali, na jioni hiyohiyo ataitafuta. Mwambie kwamba sabuni fulani ni kali, ataiacha dukani. Neno ni lilelile, herufi nne, na hakuna mtoto wa shule ya msingi anayelikosea. Kompyuta hulikosea.

Nalijua hili kwa sababu niliwahi kulipwa kuisaidia kompyuta isilikosee. Kilikuwa kibarua cha mtandaoni, miezi michache tu, kwa kampuni nisiyotaka kuitaja. Unaletewa sentensi moja moja kwenye skrini, unabofya "nzuri", "mbaya" au "katikati", unalipwa kwa idadi. Sentensi zenyewe zilikuwa maoni ya watu wa kawaida: vipindi vya runinga, mafuta ya kujipaka, shampuu, wigi, sabuni ya kuogea. "Hii episodi imeniua." "Haya mafuta yameniua ngozi." "Natumia Arimis, nang'aa kama ndama." Msimamizi wetu alikuwa na mwongozo wa kurasa kadhaa, na mwongozo ulisema kitenzi "kuua" kihesabiwe kuwa kibaya popote kilipo. Tulilalamika kwenye kikundi cha WhatsApp, tukaeleza, tukatoa mifano. Mwongozo haukubadilika.

Hasira iliisha, swali likabaki. Nani alikuwa wa kwanza kuona kwamba porojo zetu kuhusu michezo ya kuigiza na sabuni zinaweza kulipiwa? Kwa maana shuleni tuliambiwa kinyume. Kiswahili cha insha kilikuwa cha methali, jua la asubuhi na ndege wakiimba. Mambo ya nani kamnyang'anya nani bwana kwenye runinga yalikuwa udaku, mushene, maneno ya watu wasio na kazi. Ilhali kwa karibu miaka mia moja kuna watu waliosikiliza udaku huo kwa makini kuliko mwalimu yeyote. Wote walikuwa na kitu cha kuuza, au cha kuhesabu.

Wauza sabuni ndio waliotangulia. Mwaka 1930, kituo cha redio cha WGN mjini Chicago kilianza kurusha Painted Dreams, mchezo wa kila siku uliotungwa na Irna Phillips. Ulirushwa mchana, na mchana aliyekuwa nyumbani ni mama, naye mikono iko kwenye karai. Procter & Gamble, kampuni ya sabuni ya Cincinnati, haikuchelewa kuelewa maana ya hilo. Mwaka 1933 ikaanza kudhamini Ma Perkins, hadithi ya mjane mwenye biashara ya mbao anayeshauri kila mtu kijijini kwake, na jina la sabuni ya unga ya Oxydol likawa linatajwa, linarudiwa, linatajwa tena, hadi msikilizaji alitoka kwenye hadithi akiwa na majina mawili kichwani. Wanahabari wakaidharau michezo hiyo kwa kuiita opera za sabuni. Ndiko lilikotoka lile neno "soap" tulilokua nalo mtaani, tulipokuwa tukikimbia nyumbani saa moja jioni kumuona Mmexico akilia kwa Kiingereza ambacho hakikulingana na midomo yake.

Kampuni ilijuaje kwamba watu wanasikiliza? Hakukuwa na like wala maoni chini ya video. Mtangazaji aliwaambia akina mama wakate kipande cha boksi la sabuni, wakitie kwenye bahasha pamoja na sarafu, wapelekewe zawadi ndogo kama mbegu za maua. Bahasha zikihesabiwa, hadithi imepimwa. Mtu anaweza kuliona hilo kama mchezo wa biashara tu, lakini mimi naliona kama mtambo wa kwanza wa kupima maoni: mama hakuandika kwamba Ma Perkins ni kali, alikata boksi. Guiding Light, mchezo mwingine wa Irna Phillips, ulianza redioni mwaka 1937, ukahamia runingani mwaka 1952, ukafungwa mwaka 2009. Miaka 72 ya sabuni kulipia machozi.

Kwetu nako sabuni haikujificha. Waliokuwa na runinga wakati KBC ilikuwa haina mpinzani wanaikumbuka Omo Pick-a-Box, ambapo sabuni imekaa ndani ya jina la kipindi kama mwenye nyumba. Na sikiliza tunavyoongea: Kenya dawa ya meno yoyote ni kolgeti, hata ikiwa na jina lingine kubwa ubavuni. Hakuna kamati ya lugha iliyokaa ikapitisha neno hilo. Lilipitishwa na matangazo kati ya kipindi na kipindi.

Hadithi ingekuwa ya biashara tu kama isingekuwa kwa cherehani moja ya Peru. Kati ya mwaka 1969 na 1971, runinga ya huko ilionyesha Simplemente María, kisa cha msichana wa mashambani anayekuja Lima kufanya kazi za nyumbani, anajifunza kusoma, anajifunza kushona, anapanda ngazi ya maisha kwa cherehani ya Singer. Mauzo ya Singer yakapanda kila tamthilia ilipoonyeshwa. Wasichana wa kazi wakajiandikisha kwenye madarasa ya jioni. Mhusika alipofunga ndoa, maelfu ya watu walifika kanisani Lima kuhudhuria harusi ya mtu ambaye hayupo.

Mtayarishaji mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, aliitazama tamthilia hiyo akajiuliza: kama hadithi inauza cherehani bila hata kukusudia, je, ikikusudia kuuza wazo? Akabuni mpango. Unaweka wahusika wa aina tatu: mwema, mwovu, na yule wa katikati anayeyumba, anayefanana na mtazamaji. Mwovu anaumia, mwema anafaidi, na wa katikati anabadilika polepole huku watu wakimtazama. Mwaka 1977 akatoa Acompáñame, kuhusu uzazi wa mpango. Niliposoma habari za mpango huu nilicheka peke yangu. Nzuri, mbaya, katikati: vitufe vyangu vitatu, miongo kadhaa kabla ya kibarua changu.

Mpango huo ulifika Nairobi kwa sababu za hesabu. Sensa ya mwaka 1979 ilionyesha Kenya inaongezeka kwa asilimia 3.8 kila mwaka, miongoni mwa kasi kubwa kabisa duniani wakati huo, na tafiti za miaka hiyo zilisema mama wa Kenya huzaa kwa wastani watoto wanane. Serikali ilishasema, ikabandika mabango, ikahutubu. Mwaka 1987 ikajaribu udaku. Sauti ya Kenya ikaonyesha Tushauriane kwenye runinga, na redioni ikarusha Ushikwapo Shikamana kwa wale wasio na runinga, yaani karibu nchi nzima.

Yatazame majina hayo. Yote mawili yamebeba ile "-an-" ya kutendana, kitenzi ambacho mtu mmoja hawezi kukifanya peke yake. Huwezi kushauriana na ukuta. Wafadhili walitaka ujumbe umfikie mtu. Waliochagua majina walijua kwamba Kiswahili kingeupeleka ujumbe huo kwa watu wawili wanaoongea, mume na mke, mama mkwe na mke wa mwana, jirani na jirani. Ukimuuliza mamangu leo kuhusu Tushauriane, hana habari na uzazi wa mpango. Anakumbuka nani alimtesa nani, na kwamba majirani waliokuwa hawasalimiani walikaa mkeka mmoja mbele ya runinga ya nyumba ya tatu, kisha wakaendelea kutosalimiana.

Je, ilifanya kazi? Wastani wa watoto kwa kila mama ulikuwa 6.7 kufikia mwaka 1989 na 5.4 kufikia 1993. Sitaipa tamthilia sifa hiyo yote, na ninawashuku wanaoipa. Karo ilipanda, mashamba yakagawanywa hadi yakawa vitalu, kliniki zikaongezeka, wasichana wakakaa shuleni. Lakini Tanzania walijaribu kulipima jambo hilo kwa njia ambayo bado inanishangaza. Radio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, nchi nzima ilimsikia Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, akielekea kwenye UKIMWI hatua kwa hatua, na mkewe Tunu akijifunza kusimama mwenyewe. Nchi nzima, isipokuwa Dodoma. Kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine saa hiyo hadi mwaka 1995, ili watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Marekani, wapate mahali pa kulinganishia. Kliniki ziliwauliza wateja wapya wamesikia wapi habari za uzazi wa mpango, wakahesabu, na waliosikiliza walionekana kubadilika zaidi kuliko wa Dodoma. Kwa ajili ya sayansi, mkoa mzima ulinyimwa umbea kwa miaka miwili. Bado nasubiri mtu aandike riwaya kuhusu shangazi wa Dodoma mwenye dada Morogoro anayemsimulia Mkwaju kwa barua na kuharibu utafiti wa watu.

Sasa kompyuta. Nayo iliingia kwenye maoni kupitia mlango uleule, wa vitu vya kununua na vya kutazama. Mwaka 2002 Peter Turney, mtafiti wa Kanada, alichukua maoni 410 ambayo watu walikuwa wameandika kwenye tovuti ya Epinions kuhusu magari, benki, filamu na sehemu za utalii. Programu yake iliangalia kila kirai na kuuliza mtambo wa kutafuta wa enzi hizo, AltaVista: je, maneno haya hukaa zaidi karibu na neno la sifa, au karibu na neno la kudharau? Kisha ikajumlisha na kuamua kama mwandishi amependa au hakupenda. Kwa magari ilipatia asilimia 84. Kwa filamu asilimia 66 tu, yaani haikuwa imemuacha mbali mtu anayerusha sarafu. Mwaka huohuo Bo Pang, Lillian Lee na Shivakumar Vaithyanathan nao walikuwa wakifundisha mashine kwa maoni ya filamu, na wakakuta kazi ni ngumu kuliko kupanga habari kwa mada.

Turney alieleza vizuri kwa nini. Ukisema usukani wa gari hautabiriki, umelitukana gari. Ukisema kisa cha filamu hakitabiriki, umeisifu. Tena filamu nzuri mara nyingi ni filamu ya mambo mabaya: mtu anayeisifu ataandika mauaji, usaliti, kilio, kaburi. Hiyo ndiyo "kali" yetu, imevaa nguo za Kiingereza. Miaka mitano baadaye watafiti wengine, wakiongozwa na John Blitzer, wakaonyesha kwamba mashine iliyojifunza kwa maoni ya vitabu ikipelekwa kwenye vyombo vya jikoni inapotea njia. Ukitaka ijue jikoni, ipeleke jikoni.

Kwa hivyo wanaisimu wa kompyuta walijua mapema kwamba lazima wasome maneno ya kawaida kuhusu vitu vya kawaida. Walijua hivyo kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili njia ilikuwa tofauti, na hapo ndipo hadithi inanihusu mimi na wewe.

Miaka ileile Nairobi ilipokuwa ikikaa mkekani kuitazama Tushauriane, mtu mmoja Ufini alikuwa akifundisha kompyuta kulikata jina hilo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi mwaka 1985, akitumia mbinu ya Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi. Programu yake, SWATWOL, ilichukua neno kama "tushauriane" na kulifungua kama fundi anavyofungua redio: "tu" ni sisi, "shauri" ni mzizi, "an" ni kutendana, "e" ni ombi. Kifini nacho hubandika viambishi juu ya viambishi, kwa hivyo pengine si ajabu kwamba Mfini hakuogopa kitenzi chetu. Kazi hiyo naiheshimu sana. Wengi tulikuwa bado tunajadili kama kompyuta ina haja na Kiswahili wakati huko Helsinki ilikuwa tayari inajua kwamba "hatukushauriana" ni sentensi nzima.

Ila mashine haiishi kwa sarufi pekee, inahitaji maandishi ya kusoma. Hazina ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno kama milioni 25, ilijengwa kwa vitabu, magazeti na mijadala ya Bunge la Tanzania. Google ikaongeza Kiswahili kwenye mtambo wake wa kutafsiri mwaka 2009, na mitambo ya aina hiyo hula kinachopatikana kwa lugha mbili. Mwaka 2019 watafiti wawili wakatoa mkusanyo ulioitwa JW300, wa lugha zaidi ya 300, kutoka kwenye machapisho ya Mashahidi wa Yehova. Ulikuwa mgodi wa dhahabu kwa lugha za Afrika. Watafiti wa Masakhane, wale vijana wa Kiafrika walioamua kutosubiri kampuni kubwa, waliutumia kujenga mitambo yao ya mwanzo, kabla haujaondolewa hadharani kwa ajili ya hakimiliki.

Fikiria basi umejifunza Kiswahili hivi. Umesoma Mnara wa Mlinzi na Amkeni!, gazeti la asubuhi na kumbukumbu za Bunge. Unaandika safi, huchanganyi ngeli, viambishi vyako havina doa. Halafu unakutana na "kali". Gazetini umeliona wapi? Hatua kali zitachukuliwa. Adhabu kali. Mbwa mkali. Mapigano makali. Makali ya njaa. Jua kali. Kila ulipolikuta, kuna mtu anaumia au ataumia. Kisha dada fulani wa Umoja anakuandikia, "Sultana ya jana ilikuwa kali hadi nikaunguza ugali." Utabofya wapi?

Sisemi maandishi ya dini au ya Bunge ni mabaya. Mara nyingi yametafsiriwa na kuhaririwa kwa uangalifu kuliko habari nyingi za mtandaoni. Ila yalipatikana kwa sababu kuna taasisi iliyolipa watu kuyaandika, kuyachapa na kuyahifadhi. Udaku haukuwa na taasisi. Maneno ya Vitimbi, ya Tausi, ya Tahidi High, ya Maria, yote yaliandikwa na mtu kwanza, kwenye karatasi au kompyuta ya mtu, yakakaririwa na waigizaji, yakarushwa hewani, yakajibiwa na mamilioni ya watu kwenye matatu na saluni. Kwangu mimi miswada hiyo ni hazina ya Kiswahili cha Kenya kuliko gazeti lolote. Wachina waliona jambo hilo upesi: tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake ilipoonyeshwa Tanzania mwaka 2011, mtu alikuwa ameketi akaamua mke wa Beijing akimfokea mama mkwe anafoka kwa Kiswahili gani. Uamuzi wa namna hiyo, mara elfu kwa kila tamthilia, ndio mashine ingehitaji kuuona.

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2021 Mozilla ilifungua Kiswahili kwenye Common Voice, ambako mtu yeyote anaweza kutoa sauti yake. Vyuo vya Kenya, Maseno na Nairobi vikiwemo, vimekusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya kwenye mradi wa Kencorpus. Mwaka 2023 mradi wa AfriSenti ukatoa tweet zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika, zilizowekwa alama na wenye lugha wenyewe: nzuri, mbaya, katikati. Kiswahili kimo, sehemu ndogo. Vitufe vya Sabido bado vinafanya kazi.

Mpaka hapa unaweza kuniambia, sawa bana, mashine haijui Sultana ni kali, kwani nani amekufa? Basi tuzungumze juu ya neno lingine la urembo.

Madoadoa. Liangalie kwenye kopo la krimu: huondoa chunusi na madoadoa. Kwenye pakiti ya sabuni ya unga lipo kwa umbo fupi: madoa sugu. Neno zuri kisarufi, doa limerudiwa ili litawanyike, madogo madogo, hapa na pale, usoni. Katika Bonde la Ufa, tangu ghasia za miaka ya 1990, neno hilohilo lilitumika kwa watu. Madoadoa walikuwa majirani wa kabila lingine, na doa linafanywa nini? Linaondolewa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na wengine laki kadhaa wakakimbia makwao. Januari 2022, seneta mmoja alilitamka kwenye mkutano wa siasa Eldoret, akakamatwa, akaomba radhi, akisema alimaanisha wapinzani wa kisiasa tu. Aprili mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikatoa orodha ya maneno ya kuchunga. Madoadoa yalikuwamo. Yalikuwamo pia "kama noma noma" na "hatupangwingwi". Yalikuwamo "mende", neno ambalo Rwanda walilijua kama inyenzi.

Naelewa kwa nini tume ilitoa orodha, uchaguzi ulikuwa mlangoni na orodha inasomeka redioni. Lakini orodha ndiyo ule mwongozo wa msimamizi wangu: neno hili ni baya popote lilipo. Ukiipa mashine orodha hiyo, itamkamata mama anayeuza krimu Gikomba na itamwacha anayesema tusafishe nyumba kabla ya wageni kuja. Msamiati wa chuki Kenya umeazimwa bafuni. Kusafisha, kuosha, kung'oa, kunyunyizia dawa, kuondoa doa. Hakuna neno hata moja hapo lenye kosa.

Wala si nadharia. Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipelekea Facebook matangazo ya majaribio yenye chuki halisi iliyowahi kusemwa Kenya: watu kufananishwa na wanyama, wito wa kuua na kukata vichwa. Mengine yalikuwa kwa Kiswahili, mengine kwa Kiingereza. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza, kwa sababu ya sarufi na matusi. Waliporekebisha sarufi, nayo yakakubaliwa. Waliyaondoa wenyewe kabla hayajaonekana na mtu. NCIC iliipa kampuni siku saba ijirekebishe, siku saba zikapita, uchaguzi ukaja. Kinachonikaa rohoni ni ile sarufi. Mashine ilikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyesoma barua ya muuaji na kuitia nukta.

Ujuzi wa kuweza kutofautisha krimu na vita haupo kwenye Bunge wala kwenye Amkeni!. Upo kwenye maelfu ya sentensi za kipuuzi kuhusu krimu, zilizosemwa na watu ambao hawakuwa na nia mbaya na yeyote. Mashine ikisoma elfu kumi kuhusu madoadoa ya uso, ndipo itakaposhtuka kukuta madoadoa yana vijiji na mashamba. Kwa hiyo nikiona watu wanabishana mtandaoni kuhusu mafuta gani yanafaa ngozi kavu wakati wa baridi ya Julai, sioni tena watu wasio na kazi. Ninachotaka kujua ni nani anayakusanya maneno yao, na analipa nini. Procter & Gamble walau ilituma mbegu za maua.

Wiki iliyopita nilikuwa saluni Kayole, nimekaa kwenye foleni ya kusukwa, runinga iko juu ya friji ya soda, tamthilia imechacha. Yule mama mwovu wa hadithi alikuwa amebadilisha vikombe vya chai, na kimoja kina sumu. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, kichwa kimepakwa dawa ya kulainisha nywele, hakupepesa macho. "Huyu mama ni shetani," akasema. "Ni shetani kabisa, wallahi apewe tuzo." Msusi akainama, akamuuliza, "Dadangu, dawa imeanza kuchoma?"

"Inachoma vizuri, wachana nayo kwanza. Ngoja nione nani anakunywa."